Milango ya Gari la Bluu

Dada yangu,

Mama anakusalimu sana. Goti lake limepona. Juzi alitembea mwenyewe hadi dukani, akarudi na umbea wa mtaa mzima.

Karakana bado ipo, na tupa zako za kulainishia chuma sijazigusa. Naendelea kuunda magari yetu madogo ya chuma, lakini jana yule mzee anayeyakusanya alilirudisha lile la bluu. Alifungua mlango wake, mdogo kama ukucha, ukang'oka akabaki nao kidoleni.

"Fundi, mikono yako imekuwaje?"

Nilishindwa kudanganya tena. Tangu uondoke nimeharibu milango kumi na minne, hakuna hata mmoja uliofungika. Nikamwambia, "Milango yote aliitengeneza dada yangu. Mimi niliwatangazia watu kwamba kazi yake ni kufagia tu, ndiyo maana akaondoka."

Hakunitukana wala kunipa pole. Alisema tu, "Basi nipe anwani yake."

Nimempa. Atafika kwako Jumatatu, peke yake. Nakuomba, dada, usimfukuze kwa sababu yangu. Sifa zote zilikuwa zako. Mimi kesho naifunga karakana, na sijui nitamwambia nini mama.

Mdogo wako, asiye na uso wa kukutazama.