Chai ya Cucu Gitothua

S.L.P. 47,
Thika.
18 Desemba 1958

Mpendwa Tata Warigia,

Nakusalimu, shangazi yangu, kwa moyo wote. Je, joto la Mombasa linakuruhusu kulala, na ule mguu wako umepona? Hapa nyumbani wote ni wazima isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tangu Pasaka, daktari aliponiambia nina ugonjwa wa sukari, nimejifunza kujidunga sindano bila kulia. Sindano si kitu. Kinachonichosha ni watu.

Jumapili ya wiki jana tulikwenda Gitothua kumwona bibi, Cucu wetu. Unajua chai yake: sukari huchemkia sufuriani pamoja na maziwa. Mimi niliomba maji. Cucu akaniuliza mbele ya wanawake wa kanisa, "Chai yangu imeingia nini, Mumbi?" Baba mdogo Kang'ethe akacheka. "Mwacheni. Wasomi hawanywi chai na watu wa shamba." Mama aliinamisha uso. Basi nikanywa, vikombe viwili, huku nikitabasamu. Tulilala huko, na jioni niliona haya kuomba jiko la kuchemshia sindano, kwa hiyo sikujidunga. Kesho yake nilitapika mpaka Baba akanipeleka hospitali.

Nimepata nafuu. Lakini sasa Baba anasema Januari sitarudi bwenini, nikae nyumbani niangaliwe. Nilikuwa wa pili darasani, Tata. Shuleni matroni hunipa jiko kila siku, wala haniulizi lolote. Niliugua nikiwa kwetu, na shule ndiyo ninayonyang'anywa. Kila nikianza kumweleza Baba hayo, naishia kumwambia ndiyo, Baba.

Cucu naye amejuta. Nasikia wiki hii anampikia kila mgeni chai bila sukari na kumweleza ni kwa ajili yangu. Kang'ethe naye huenda huko na sukari yake mfukoni. Najua ni upendo, lakini natamani kujificha chini ya kitanda.

Baba ni mdogo wako na huwa anakusikiliza. Tafadhali mwandikie kabla ya mwaka mpya. Mwambie najua kujitunza, nikiachwa nikatae chai.

Msalimie Bwana Nicanor na watoto. Mungu awafunike nyote. Na ukija, Tata, usiniambie pole. Niulize kwanza ninasoma kitabu gani.

Mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye sana,
Idah Mumbi