Dumu la Mafuta Kutoka Kantini

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda, na mwaka juzi mume wangu aliugua moyo, daktari akamwambia aache mafuta ya kuganda atumie ya alizeti, nami nikafurahi maana kantini tunakaangia hayohayo na kila Ijumaa yanayobaki kwenye karai tunaruhusiwa kuyabeba, basi nikawa nayachuja kwa kitambaa mara mbili, nayapeleka nyumbani, yakipungua naongezea mapya juu yake, na mume wangu akila anawaambia wageni, "Dawa yangu ni huyu mke wangu," nami naona raha kweli. Juzi muuguzi wa kiwanda akachungulia karai langu akasema, "Dada, haya yamechoka, mafuta ya mbegu yakipigwa moto tena na tena yanaharibika." Tangu hapo situlii, nafungua kabati, nalitazama dumu, nafunga, nafungua tena, na Alhamisi mume wangu ana kliniki, na mimi mwenyewe hata silagi chakula hicho maana moshi wake unanikereketa koo, changu nachemsha pembeni. Nimwambie, au nibadilishe mafuta kimyakimya? Nampenda jamani.
Mama Karai

Mama Karai, pole, na hebu kaa chini, maana hata barua yako inazungukazunguka.

Daktari hakukosea. Mafuta ya alizeti ni mepesi, yanaufaa moyo, ila ndiyo hayohayo yanayoharibika upesi yakikutana na moto mkali na hewa: yanakuwa meusi, mazito, yenye povu. Kitambaa chako kinatoa makombo tu. Na ukiongeza mapya juu ya yaliyochoka, nayo yanachoka haraka.

Sasa nikugombeze. Unaandika kana kwamba hukujua, mbona koo lako lilijua? Ukasogeza sufuria yako pembeni, mwenzio ukamwachia moshi. Loo! Hicho ndicho kinachokunyima utulivu.

Sisemi umemdhuru, mimi si daktari. Lakini kimyakimya, hapana. Dumu lifunge ulitupe leo, usimwage kwenye sinki likaziba. Nunua chupa ndogo, kaangia moto wa wastani, ukiona moshi, ujue umepitiliza. Alhamisi nenda naye, umweleze daktari yote, miezi yote. Mumeo mwambie kabla ya hapo. Atakasirika, ana haki, mwache akasirike.

Ila kwanza mpakulie kutoka sufuria ile ya pembeni, mle sahani moja.