Dagaa Juu ya Sola

Kasubi, Kampala
Jumanne alasiri

Wifi Zawadi mpenzi,

Huku tumefika salama, ila leo dagaa nusura wamuue kaka yako. Unakumbuka alivyotaka kufunga paneli ya sola juu ya paa la gari? Nilikataa. Nilichagua ya kukunja, yenye waya mrefu, ili gari tunalolala likae kivulini na paneli ikae juani. Mpango safi kabisa, mpaka mchana huu friji iliponyamaza, na insulini ya kaka yako imo ndani.

Nikafuata waya hadi nyuma ya nyumba. Paneli nzima ilikuwa imefunikwa na dagaa, na mwenye nyumba tulikoegesha gari, Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa akiwageuza taratibu.

"Mama, hiyo ndiyo inayoendesha friji! Dawa ya mume wangu itaharibika!"

"Na samaki yangu itakauka wapi? Nilizani mumeleta meza ya kuanikia, tena safi!"

Kaka yako, mgonjwa mwenyewe, akaokota dagaa mmoja akatafuna. "Bado wabichi," akasema. Ningemwacha afe.

Mama Neema hakuwaondoa mpaka nilipomtandikia lile shuka jeupe ulilotupatia siku ya harusi. Sasa friji inanguruma na dawa ni baridi. Shuka lako halitarudi jeupe, wifi, lakini kaka yako atarudi mzima. Nadhani hivyo ndivyo ungechagua, ingawa leo nisingekulaumu ungechagua shuka.

Wabusu watoto, na Mungu awafunike.

Wifi yako, Tatu