Mafuta Niliyoyaosha Mara Tatu

Mtoni, Dar es Salaam
Jumatano

Mke wangu Mama Zuhura,

Kabla hujaninunia, soma kwanza. Najua barua zako mbili zimefika na sijajibu hata moja. Mafua ya Zuhura yameisha? Na mama, miguu bado inamsumbua? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo iliyokuwa mgonjwa, na tangu juzi imepona.

Uliniuliza mje lini mjini. Sikujibu kwa sababu kazi ilikuwa inaniponyoka. Unajua pale maabara nilikuwa kibarua tu, na siku hizi ukikutwa mjini huna kitambulisho cha kazi unapakiwa kwenye lori na kurudishwa kijijini ukalime. Kulima si aibu. Kuteremshwa kwenye lori mbele ya mama yangu, hiyo sikuitaka.

Kilichotaka kuniponyoshea kazi ni moyo wa ng'ombe. Asubuhi nauchukua machinjioni, nausaga, natoa utando uliomo. Kila chembe ya mwili, hata wako, ina utando mwembamba wa mafuta, na ndani ya mafuta hayo zimekaa protini zinazofanya kazi. Mkuu wangu, Dokta Elieza, anataka kujua protini hizo zinavumilia joto kiasi gani. Tunazitoa kwenye utando kwa sabuni ya maabara, tunazipasha polepole kwenye maji ya moto, halafu tunapima kama bado zinafanya kazi.

Zangu zilikuwa zinakufa. Joto likizidi la mwili kidogo tu, basi, zimekwisha, wakati za mwenzangu Mzee Kondo zinastahimili. Mzee Kondo akasema lazima niliziacha nje ya barafu nikaenda kupanga foleni ya sukari. Foleni nilikwenda, sikatai, ila barafu niliijaza kabla ya kutoka. Nani angeniamini? Dokta akaniambia Ijumaa nitafanya kazi yote mbele ya macho yake, na zikifa tena, niage.

Ijumaa ikafika. Nikaziosha protini kwa ile sabuni ya maabara, nikamwaga, nikaanza kuziosha tena. Dokta akanishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Naosha, Dokta."

"Si umeshaosha?"

"Ile ya kwanza ni kulowanisha tu. Sie kwetu utumbo tunaoshaga mara tatu. Mafuta yakiwa bado yanaelea, hujaosha."

"Na kila siku unafanya hivyo?"

"Kila siku. Mie si mchafu, Dokta."

Akakaa kwenye stuli. Nikajua safari ya kijijini imewadia. Kumbe anafikiri. Akaniambia nigawe kazi mafungu matatu: la kwanza nilioshe mara moja, la pili mara tatu, la tatu nalo mara tatu, kisha tulirudishie mafuta ya kiini cha yai. Yai lenyewe alilitoa kwake, maana madukani hakuna. Tukayapasha yote pamoja. Lililooshwa mara tatu likafa. La mara moja, kama anavyoosha Mzee Kondo, likapona. Na lile lililorudishiwa mafuta, mke wangu, nalo likapona, karibu sawa na la kwanza.

Protini ni ile ile, kilichobadilika ni mafuta yanayoizunguka. Yale niliyoyaona uchafu ndiyo yanayoishika isifumuke kwenye joto. Nililia kidogo, nikasingizia sabuni. Mzee Kondo ameniomba radhi na nimempa mkono, ingawa bado namnunia kidogo. Dokta anasema kosa langu limempa kazi ya mwaka mzima, na hataki mtu mwingine aifanye isipokuwa mimi.

Juzi Jumatatu alinipeleka mwenyewe ofisini, nikaandikwa kazi ya kudumu. Kitambulisho ninacho mfukoni. Kwenye picha nimetoa macho kama mwizi, utacheka.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie mwanawe hakufukuzwa. Msalimie shemeji Hamisi, mchonga vinyago wetu, na bibi jirani anayekusaidia kumlea Zuhura.

Jambo moja nilitaka kusahau. Karani wa pale ofisini aliniuliza ninaishi na nani hapa mjini. Nimemtajia wewe na Zuhura, na ameshaandika kwa wino. Fungeni mizigo mje, msinifanye mwongo serikalini.

Ni mimi mumeo anayewasubiri,
Baba Zuhura