Kifungu cha Kumi na Moja

Jumanne, 3 Desemba

Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe, daftari. Kifungu cha kumi na moja sikukielewa. Nilikisia.

Asubuhi nilifagia ofisi, nikachemsha chai, nikapanga mafaili. Kisha Bi Rukia akanipa mkataba wa wakulima wa machungwa wa Muheza. Kampuni inataka kununua mazao yao kwa miaka minane. Kurasa kumi na tisa za Kiingereza. Wakulima wamemweka Bi Rukia awe wakili wao, awaeleze. Yeye yuko mahakamani wiki nzima.

"Kiingereza ulikuwa unaongoza darasa," akasema. "Niandikie ukurasa mmoja. Kiingereza chepesi, kisicho na maneno ya mawakili. Asome mkulima, asome na mwenye kampuni, wote waelewe jambo moja."

Ukurasa utabandikwa mbele ya mkataba. Nilifurahi mno. Matokeo ya kidato cha nne hata hayajatoka, nimepewa kazi ya wakili!

Vifungu kumi vilikwenda. Cha kumi na moja ni sentensi moja, mistari kumi na minne. Nimeisoma mara tano. Inahusu mkulima akishindwa kupeleka machungwa. Nilipaswa kuuliza. Niliona haya. Nikaandika kwamba mnunuzi ataingia shambani achume mwenyewe. Basi.

Usimwambie mtu.

Alhamisi, 5 Desemba

Bi Rukia aliusoma ukurasa akiwa amesimama, mkoba begani. "Safi." Akatia saini. Mkataba wenyewe hakuufungua.

Mchana alikuja kuuchukua Mzee Semboja, katibu wa wakulima, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya maneno. Akacheka.

"Mjukuu wangu, miaka thelathini nimefundisha Kiingereza, leo ndiyo kwanza nakifurahia! Kumbe hawa watu hawana baya. Miti mtu nitamwachia, achume. Ardhi siwezi. Nyumba yangu imo mlemle."

Neno hilo, ardhi, likanirudisha kwenye kifungu cha kumi na moja.

Alipoondoka nilichukua kamusi ya sheria. Neno kwa neno. Saa mbili nzima. Mkulima akishindwa msimu mmoja tu, mnunuzi atalishika shamba lote, na kila kilichosimama juu yake, mpaka miaka minane iishe.

Kila kilichosimama. Nyumba imesimama.

Najua nilipokosea. Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mama ana minazi mitatu kwenye kiwanja cha mjomba na hawajawahi kugombana. Hata machungwa watu huyauza yakiwa bado maua. Mnunuzi huja, huchuma, huondoka. Shamba halimhusu. Basi niliposoma shamba, nikaona miti tu.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo nilikusudia kumwambia. Bi Rukia aliingia saa nane, amemkasirikia hakimu. Nikasimama mlangoni.

"Nini?"

Nikasema chai imepoa, nikupashie?

Mwoga. Mwoga na mjinga.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu. Ofisi imefungwa. Wanasaini kesho.

Nimeuandika ukurasa upya. Mama anauliza kwa nini sili. Nimesema tumbo. Si uongo.

Nimeandika ujumbe kwa Bi Rukia mara nne. Nimefuta mara nne. Atanifukuza. Na mzee je, atafukuzwa na nani?

Sijatuma.

Jumanne, 10 Desemba

Nimerudi sasa hivi.

Bi Rukia alinipakia kwenye gari lake nimbebee mafaili. Kutoka ofisini Usagara mpaka Muheza sikufungua mdomo. Njiani, Pongwe, nikajiambia, tukifika daraja lile nitasema. Daraja likapita.

Ukumbi ulijaa. Wakulima arobaini hivi, na mtu wa kampuni mwenye shati jeupe. Mzee Semboja akausoma ukurasa wangu, kisha akaueleza kwa Kiswahili. Watu wakapiga makofi. Akashika kalamu, akavaa miwani.

Nikasema, "Babu, usisaini."

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Mama mmoja wa nyuma akacheka. "Heee! Kumbe kanasema! Mie nilidhani bubu."

Nikasimama. Nikasema ukurasa niliuandika mimi, na kifungu cha kumi na moja sikukielewa. Nikasoma ukurasa mpya, nikaueleza kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye neno nyumba, yule mama hakucheka tena.

Bi Rukia akachukua mkataba. Akasoma kifungu mara mbili. Niliangalia viatu vyangu.

Mtu wa kampuni akasema, "Wakili, unamsikiliza mtoto?"

"Namsikiliza," akasema. Akawageukia wakulima. "Kosa ni langu. Saini iliyo chini ya ukurasa ule ni yangu, na sikulinganisha. Leo hakuna kusaini. Kifungu hiki kiondoke kwanza."

Mtu wa kampuni akakusanya makaratasi. Akasema kuna mashamba mengine, si Muheza tu. Wengine wakanung'unika, walikuwa wameshapiga hesabu ya mauzo. Mzee Semboja alifunga kalamu. Alinishika bega alipopita.

Njia nzima ya kurudi Bi Rukia aliangalia barabara tu. Heri angenigombeza.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilikwenda kazini nikijua ni kuchukua vitu vyangu. Nikafagia hata hivyo.

Bi Rukia aliweka mkataba mezani kwangu, na kalamu nyekundu juu yake. Kampuni imeuliza wakulima wanataka kifungu kiweje. Haijakubali. Imeuliza tu.

"Anza mwanzo," akasema. "Usipoelewa, weka alama. Alama si aibu. Jioni tunakaa wote wawili."

Akaenda mahakamani.

Mvua ndogo nje. Nimesoma siku nzima. Nimeweka alama saba.

Daftari, jambo la kifungu cha kumi na moja si siri tena, Muheza nzima inalijua. Lakini cha tisa nacho, leo ndiyo naona, nilikikisia. Bi Rukia bado hajarudi. Usimwambie mtu kabla sijamwambia mwenyewe.