Mke Aliyetoka Jukwaani

Mjukuu wangu Minza,

Mwangaluka! Hapa Dutwa hatujambo. Pamba imeota vizuri, na goti langu linalalamika kuliko mwenyewe. Umeniuliza kama maigizo yenu ya chuoni yana faida yoyote. Unamuuliza mtu aliyekuwa akisahau maneno yake!

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watano. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia, ghala la ushirika likabaki tupu, nasi tukaligeuza jukwaa. Tulicheza tamthilia ya Ulaya, ya mke anayemwacha mumewe. Mume nilikuwa mimi. Mke alikuwa Kabula, ambaye hata kwenye ndoa yake ya kweli hakukuwa kwema. Alishakimbilia kwa baba yake, akarudishwa, maana ng'ombe wa mahari walishapokelewa.

Basi Kabula akabeba sanduku, akatoka nyuma ya turubai. Nikaangua kilio. Mara baba yake, mzee Masanja, akasimama katikati ya watu.

"Kabula! Usirudi kwa yule mwanaume. Ng'ombe wake nitamrudishia mwenyewe."

"Mzee, hili ni igizo," nikamnong'oneza.

"Nyamaza wewe, sisemi na wewe!"

Mimi mdomo wazi, machozi ya uongo yananitiririka. Kabula akachungulia, sanduku mkononi.

"Baba, unasema kweli?"

"Twende nyumbani."

Ng'ombe walirudishwa kweli. Miaka ilipopita, nikapeleka wangu. Bibi yako Kabula anakusalimu. Anasema kulia sikujua, na lile sanduku bado liko chini ya kitanda, nisije nikajisahau.

Babu yako, anayejitahidi.