Plagi Mbili za Chini

Mtawanya, Kibiti
14 Juni 2025

Dada yangu Semeni,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na mgongo wa shemeji Shaabani unaendeleaje? Huku tu wazima, ila joto la banda hili la bati litanimaliza. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba yenu ni ile moja, na nikipiga, Kiongoroni nzima inasikiliza. Barua nampa Bushiri wa boti la Nyamisati. Ukiikuta bahasha imefunguliwa, niambie.

Dada, injini imeshakaa puani mwa ndege yetu tunayoiunda. Ni ile ya gari la Kijapani niliyokueleza wakati wa Ramadhani: haina pistoni, ndani kinazunguka chuma cha pembe tatu tu. Kilichobaki ni kuiwasha kwa mara ya kwanza. Tulipanga iwe juzi Alhamisi. Nafungua banda, plagi hazipo! Na plagi zake si hizi za kila gari. Kariakoo nzima sijazipata.

Funguo za banda ninazo mimi na Maneno, hakuna wa tatu. Unajua mimi na Maneno tumekua pamoja hapo hapo kwenu, tumekamata kaa pamoja, na ndege hii ni yake kama ilivyo yangu. Nimemuuliza, kanijibu, "Sijui, labda panya." Panya gani anayefungua plagi kwa spana? Nimebadili kufuli, na sijamwambia.

Huko hujasikia lolote?

Mdogo wako,
Abbasi

Kiongoroni
21 Juni 2025

Mdogo wangu Abbasi,

Wa alaykum salaam, marahaba. Bahasha imefika na gundi yake. Watoto hawajambo, wameota majipu tu ya maembe waliyokula bila kunawa. Mgongo wa shemeji yako umepona, karudi mikokoni kukata boriti.

La Maneno sina la kusema. Usimwite mtu mwizi kwa ajili ya plagi mbili za chini. Urafiki ukivunjika hauna fundi.

Ila mimi nina langu. Hapa wanasema ndege yako ni ya bwana misitu. Itapita juu, itapiga picha visiki vyote, na doria itajua pa kushukia. Kile kidude cha rimoti kilichokuwa kikivuma juu ya mikoko mwaka jana kiliangukia matopeni, hakikuonekana tena. Sasa ati kinaletwa kikubwa chenye mtu ndani, tena mtoto wa hapa anayejua kila mkondo. Nikifika kisimani wanawake wananyamaza. Shaabani haulizi kitu, ila namkuta ananitazama.

Wewe ni fundi pikipiki, Abbasi. Injini hiyo kainunua nani?

Dada yako,
Semeni

Mtawanya
27 Juni 2025

Dada,

Salaam. Natumai ni wazima.

Mimi niliandika kwamba plagi hazipo. Sikuandika ngapi, wala za juu au za chini. Ni kweli kati ya nne zimetolewa mbili, na ni za chini, ambazo bila hizo injini haishiki vizuri. Nani kakwambia?

Maneno kaonekana Nyamisati akishuka kwenye boti la kwenu. Mimi aliniambia anakwenda Ikwiriri kumwona mgonjwa. Jana nimemfukuza bandani, tumetupiana matusi mbele ya watu waliokuja kuziba pancha. Kaondoka bila hata kuchukua kandambili zake.

Injini nimepewa na rafiki. Injini ni injini. Habari za kisimani zibaki kisimani.

Unanificha nini, dada?

Abbasi

Kiongoroni
30 Julai 2025

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mwezi mzima sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu hasira inatangulia.

Plagi ninazo mimi. Ndizo hizo ndani ya kitambaa. Maneno kaniletea mwenyewe. Aliketi jikoni, chai ikapoa mbele yake, akasema: "Dada, kuna bwana wa Dar anakuja na gari la vioo vyeusi. Akifika, Abbasi ananituma nikanunue oili. Nikirudi, bwana keshaondoka."

Nikamwambia, "Si umuulize?"

"Akinidanganya nitajua," akasema. "Na nikijua, sitaweza kufanya kazi naye tena. Muulize wewe."

Nimekuuliza. Umenijibu injini ni injini.

Wiki iliyopita Shaabani alinambia, "Mdogo wako akipita juu ya vichwa vyetu na kamera, wewe utasimama upande gani?" Mume wangu huyo, Abbasi. Boriti zile ndizo unga wetu, ndizo madaftari ya watoto. Usiku ule hakula.

Sasa sitaki tena kukaa na kitu chako. Ukitaka kuwasha, washa. Lakini kamtazame Maneno usoni kwanza.

Dada yako,
Semeni

Mtawanya
9 Agosti 2025

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nawaombea afya wewe, watoto na shemeji.

Nilikwenda kwa Maneno na plagi zako mfukoni. Nilimkuta anapalilia mihogo. Hakuacha jembe. Akasema, "Injini kainunua nani?"

Nikamwambia. Ni yule bwana wa Dar. Anafanya kazi ya kupiga picha mikoko kwa watu asiowataja. Masharti yake: injini iwe yangu, nami nimrushe juu ya delta yeye na kamera yake. Nilijiambia picha haziumi mtu. Nilijiambia pia kwamba watu wakishaiona ndege ikiruka watasahau kuuliza ilivyopatikana.

Maneno akasema, "Nilijua. Nilitaka itoke mdomoni mwako." Kisha akanawa mikono, tukafuatana.

Dada, tumeiwasha. Tulifunga mkia kwenye mkorosho kwa kamba ya boti, tukaweka magogo mbele ya magurudumu. Petroli tuliichanganya na oili, kama mnavyofanya kwa mashine za boti. Kwanza tuliizungusha kavu, bila plagi, hadi oili ikapanda. Tukafunga plagi, nikabonyeza stata: ikakohoa, ikafurika petroli, ikazima. Tukazitoa, tukazikausha, tukarudisha. Mara ya pili ikatoa moshi mweupe hata nisimwone Maneno, halafu ikashika!

Haigongi kama injini nyingine. Inavuma tu, mlio mmoja mnene, unauhisi kifuani kabla ya masikioni. Pangaboi likapotea machoni, kuku wakakimbilia kwa jirani, kamba ikakaza, na ndege ikawa inavuta, dada, inavuta mkorosho! Maneno alikuwa ananipigia kelele, simsikii. Baadaye nikamuuliza alikuwa anasema nini. Kasema hakumbuki. Tuliiacha ivume hadi rejeta ikachemka, ndipo nikazima.

Jumatano yule bwana akaja na kamera ya kufunga tumboni mwa ndege. Nikamwambia achukue injini yake.

Akacheka. "Utarukia nini?"

"Siruki."

"Kwani unawaogopa wakata miti?"

Nikamwambia, "Mmoja wao kamwoa dada yangu."

Hakucheka tena. Akasema watu wa kurusha ndege wapo wengi, nami nadhani ni kweli. Maneno ndiye aliyefungua bolti na kuifunga kamba injini kwenye pikapu. Mimi nilikuwa ndani, sikutoka hadi gari likaondoka.

Mwambie shemeji. Mwambie pia sikupiga picha hata moja.

Mdogo wako,
Abbasi

Kiongoroni
17 Agosti 2025

Mdogo wangu Abbasi,

Wa alaykum salaam. Tu wazima. Barua yako nilimsomea Shaabani neno kwa neno. Nilipomaliza akauliza, "Na hiyo injini imekwenda wapi?" Nikasema kaichukua mwenye nayo. Akasema, "Tutajuaje?"

Hapa wengine wanasema umeificha, wengine wanasema inakuja kubwa zaidi. Juzi ilipita ndege ya abiria huko juu kabisa, na wanaume wote wakatoka kuitazama. Shaabani naye alitoka.

Mimi nakuamini. Lakini mimi ni dada yako, imani yangu hapa haina uzito. Kwa hiyo njoo. Njoo na Maneno, kwa boti, mchana, maji yakiwa yamejaa, mshuke watu wote wakiwaona. Usimweleze mtu chochote. Shaabani akienda mikokoni, nenda naye ukambebee boriti, jioni mrudi mle wali. Kaa hata wakuchoke.

Kitanda nimeshatandika. Shaabani kaniona nikitandika, akaenda akaleta chandarua.

Dada yako,
Semeni